Maharagwe Niliyopanda Kabla ya Mama Mkwe

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na mnisamehe kwamba ushuhuda wangu unaanza na maharagwe. Wengine husimama mbele ya kanisa wakasema walikuwa walevi, wezi, wapigaji wa wake zao. Mimi sikupata nafasi ya dhambi kubwa kama hizo, kwa sababu sitoki nyumbani. Dhambi yangu ilienea kwenye kikombe cha chai. Kikombe kimoja cha maharagwe mekundu, niliyoyapanda nyuma ya jiko la mama mkwe wangu siku ya Jumapili, yeye akiwa kanisani.

Wa kwetu wameshashika midomo. Kwa ajili ya ndugu zetu waliotoka mbali, acha nieleze. Kwetu kando ya ziwa, mama mwenye boma ndiye anayeanza kutia mbegu ardhini. Akimaliza, anafuata mke wa mwana wa kwanza, halafu wa pili, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Hata mvua inyeshe mpaka vyura wachoke kulia, wewe utangoja na jembe lako. Ukimtangulia mama umevunja mwiko, na mwiko ukivunjwa huleta chira. Chira ni ugonjwa wa kukonda. Mtu huisha polepole kama sabuni. Tuliambiwa haina dawa ya hospitali, dawa yake ni kukiri mbele ya mama mwenyewe na wazee wa ukoo, ili utakaswe.

Mimi nilisoma mpaka kidato cha pili. Niliwahi kuchora mbegu ya maharagwe kwenye daftari, nikaandika sehemu zake zote kwa penseli iliyochongwa vizuri, na mwalimu akanipa nane kwa kumi. Chira haikuwa mojawapo ya sehemu hizo. Lakini elimu ya kidato cha pili ni kama leso moja, ukijifunika mbele, nyuma kunabaki wazi.

Ilikuwa Machi ya mwaka wa sabini na tatu. Tunakaa Nyalenda, hapa Kisumu, mimi na Baba Akinyi, ambaye ni karani wa stoo pale bandarini, na watoto wetu wawili. Boma la mume wangu liko upande wa Usenge, na kila msimu wa mvua huenda huko kupanda. Mwaka ule mama mkwe alishikwa na homa, kwa hiyo kupanda kukangoja. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, mvua inanyesha, na mimi nalikumbuka jiko langu, kiti changu, dirisha langu lenye pazia la maua. Wanaonijua wanajua. Nikilala kitanda cha ugenini siku tatu, naanza kuumwa mahali ambapo hapana jina.

Jumapili ile homa ilipungua, mama mkwe akajikokota kwenda kanisani. Mimi nikasema kichwa kinaniuma. Alipopita lango tu, nikatia mistari mitatu nyuma ya jiko, nikafukia, nikaosha miguu, nikarudi kulala na kitambaa kibichi kwenye paji la uso. Nilifikiri hivyo nitakuwa nimepunguza kazi, nirudi Kisumu mapema. Aliporudi aliinama mlangoni akauliza, "Kichwa kinaendeleaje?" Nikasema kinapungua. Siku mbili baadaye akatuita sote, akatia mbegu yake mbele yetu kama desturi, nasi tukafuata. Mimi nikapanda sehemu yangu iliyobaki na uso wa mtu mwema, nikapanda basi.

Mwezi wa Juni, nikioga, mkono wangu ulipita kwenye ziwa la kushoto ukagusa kitu. Kilikuwa kidogo, kigumu, kama punje ya maharagwe. Ndugu zangu, kingekuwa kama punje ya mahindi labda ningekwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nilijua mara moja kwamba nimepatikana. Nikakaa na neno hilo peke yangu. Kusema kwamba nina uvimbe ilikuwa ni kusema nimeutoa wapi, na kusema hivyo ilikuwa ni kusimama mbele ya mama mkwe, mwanamke ambaye hata jogoo wake humwomba ruhusa ya kuwika, nimwambie nilidanganya kuumwa kichwa siku ya Bwana ili nimtangulie kwenye shamba lake mwenyewe. Nikaona afadhali kufa. Nasema hivyo leo kwa mzaha kidogo, lakini wakati ule nilimaanisha.

Kwa kuwa chira hukondesha, nilijilinda kwa ugali. Nilikula kama mpagazi wa bandarini. Nikanenepa, na watu mferejini wakasema Baba Akinyi anajua kutunza mke. Nilipokuwa nikinenepa, na kile kitu nacho kilinenepa. Hata kujiombea kulinishinda. Niliwaombea wagonjwa wote wa kanisa hili, nikawaombea wasafiri na wajane, na kila nilipofika kwenye jina langu nikaliruka, nikasema amina. Niliona kama Mungu na chira wamekaa kwenye baraza moja na wote wawili wana barua yangu ya mashtaka.

Hivyo ndivyo nilivyokaa mpaka Januari.

Sasa niwaambie juu ya Mama Njeri. Mlango wake unatazamana na wangu. Alikuja Kisumu kutoka Murang'a na mumewe, anauza viazi na kabichi sokoni, na ulimi wake haujawahi kupita kwa seremala ukapigwa randa. Asubuhi moja tulikuwa mferejini. Nilijaribu kuinua debe langu kichwani, mkono wa kushoto ukakataa. Nikajaribu tena. Maji yakanimwagikia.

"Mkono yako iko na nini?" akauliza.

"Nimeulalia vibaya."

"Tangu Krismasi unaulalia vibaya? Hiyo ni kitanda ama ni mawe?"

Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka. Alichukua debe lake kichwani na langu mkononi, akatembea mpaka nyumbani kwake, nami nikamfuata kwa sababu maji yangu yalikuwa kwake. Akafunga mlango. Akasema, "Fungua blauzi."

Nilifungua. Ngozi ilikuwa imeshaanza kuvutwa ndani. Alitazama kwa muda mrefu, nami nikaanza kumwambia yote kwa haraka, Jumapili, kichwa, mistari mitatu, chira. Nilipomaliza akasema, "Mama Akinyi, sisi kwetu tunapanda maharagwe mtu yeyote anapotaka. Kama hiyo ingekuwa inaua, hakuna Mkikuyu angebaki wa kukuuzia viazi."

Nikataka kucheka. Kisha akasema, kwa sauti nyingine, "Dada yangu alikuwa na kitu kama hii. Pahali hapo hapo. Yeye alificha kwa sababu ya aibu tu, hata maharagwe hakuwa nayo."

"Sasa yuko aje?" nikauliza.

Alianza kufunga vifungo vya blauzi yangu, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayemvalisha mtoto siku ya kwanza ya shule. Alipofika kile cha mwisho nilikuwa nimeelewa.

Jioni ile nilimwambia mume wangu, akivua viatu. Nilimwambia uvimbe, maharagwe sikuyataja. Kiatu kimoja kilibaki mguuni mpaka chakula kikapoa.

Hospitalini Kisumu daktari alinipima, akakaa chini, akaniuliza, "Mama, kwa nini hukuja mapema?" Mngemjibu nini? Nikasema, "Nilikuwa na kazi nyingi nyumbani." Akaandika. Yale maneno yako kwenye karatasi mpaka leo, kwamba mama huyu alikuwa na kazi nyingi nyumbani. Akasema ni kansa, na imeshaingia kwapani. Akasema wataliondoa ziwa lote, na baadaye nitakwenda Nairobi kwenye mashine ya miale, wiki sita.

Juu ya kukatwa sitasema sana. Nilizinduka nikiwa na bandeji kutoka shingoni mpaka tumboni, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta kwa mkono kile ambacho nilijua hakipo. Baba Akinyi alikuja wodini kila siku baada ya kazi, na chupa ya uji. Hajui maneno ya kumfariji mtu. Alikaa kwenye kiti akaniambia habari za stoo, misumari imefika, rangi haijafika, kamba imeletwa isiyo yenyewe. Nilijua vitu vyote vya bandari ile. Siku moja alisema, "Turubai zimefika," akashika mguu wangu juu ya blanketi, akaushika mpaka kengele ya wageni ikalia.

Basi ikawa ni nani atanipeleka Nairobi. Baba Akinyi hakuweza kupewa ruhusa ya wiki sita. Mama Njeri akasema watoto watakaa kwake, hilo limekwisha, wala hakuuliza kama mimi nimekubali. Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kupita Ahero, hapo jirani. Siku ya tatu ya mashauri hayo nilisikia sauti uani, nikaijua kabla sijachungulia. Mama mkwe alikuwa amefika kwa basi, na kikapu cha omena kavu, wale dagaa wa ziwa letu, na viatu vyake vya kanisani mkononi ili visichakae njiani.

"Mimi nitaenda naye," akasema.

Watoto wanamwita Dani, yaani nyanya, na katika ushuhuda huu nami nitamwita hivyo, kwa kuwa nimemkumbuka sana. Wakati ule, kusema kweli, kama wangenipa nichague kati ya wiki sita na Dani na wiki sita na simba, ningeuliza kwanza kama simba ameshakula.

Tulikwenda kwa gari la moshi. Tukafikia kwa shemeji yangu, mdogo wa Baba Akinyi, aliyekuwa na chumba kimoja huko kwenye nyumba za wafanyakazi. Yeye alituachia chumba akahamia kwa rafiki yake. Kila asubuhi tulikwenda hospitali, Dani mbele, mimi nyuma. Alikuwa anauliza njia kwa Dholuo, lugha ya kwetu, kwa sauti kubwa, na sijui Nairobi ina watu gani, kila mara alijibiwa.

Siku ya kwanza hawakunitia kwenye mashine. Walinichora. Daktari alichukua wino wa zambarau akapiga mistari kifuani pangu, juu, chini, pembeni, kama fundi anayepima mbao, akasema, "Mama, mistari hii usiioshe. Ikifutika tutapiga mahali si pake." Hayo alimwambia mtu kama mimi, ambaye husugua sufuria hata kwa nje. Nilikaa wiki sita na uchafu ule kifuani, na mara nyingi nilishika sabuni nikairudisha.

Miale haiumi ikiingia. Ni baadaye. Wiki ya tatu ngozi ilikuwa nyeusi kama sehemu ya chini ya chungu, halafu ikaanza kupasuka. Mkono haukuinuka. Sikuweza kujiosha, na kwa desturi yetu mama mkwe haoni mwili wa mke wa mwanawe. Kwa hiyo nilikaa hivyo. Siku nne. Kile chumba kilikuwa kidogo, ndugu zangu, na harufu yangu ilikuwa mtu wa tatu ndani yake.

Siku ya tano Dani alifunga mlango. Akavua leso yake ya mabegani akaitundika dirishani. Akaweka karai la maji ya vuguvugu katikati ya chumba, na kigoda kando yake.

"Keti," akasema.

"Mama, si vizuri."

"Hayo ya vizuri tuliyaacha Usenge. Keti."

Nikaketi, nimefumba macho kama mtoto anayefikiri akifumba macho haonekani. Alianza mgongoni. Kisha akaja mbele. Alikuwa ameshika ncha ya kitambaa kwa vidole viwili, anapita kando ya ile mistari ya zambarau bila kuigusa, taratibu, kama anayepalilia mche uliochipuka jana. Alivuta pumzi alipoona kidonda, lakini kitambaa hakikusimama. Akaosha upande wa kulia, akazunguka, akafika chini ya kwapa.

Halafu akasema, "Daktari huyu anapiga mistari iliyonyooka. Si kama yako."

Nikafumbua macho. "Mistari yangu ipi, Mama?"

"Ya maharagwe."

Ndugu zangu, maji yale yalikuwa ya vuguvugu lakini mimi nilipoa.

Akaendelea kuosha huku anasema. Jumapili ile, akiingia langoni, aliona kuku wanachakura nyuma ya jiko. Akaenda kuwafukuza, akaona mbegu. "Nikatazama mistari," akasema. "Imepinda kama mtu anayekimbia mvua. Katika boma langu nani mwingine anapanda hivyo?" Basi akayafukua yote, punje kwa punje, akayatia kwenye kibuyu. Akachukua jembe lake, na ile homa yake, akatia mbegu zake mwenyewe mbele ya nyumba. Akarudi nyuma ya jiko akayarudisha maharagwe yangu kwenye mashimo yale yale, yakiwa yamepinda vile vile.

"Mimi nilikuwa wapi?" nikauliza.

"Wewe ulikuwa ndani, unaumwa kichwa."

Sikuweza kumtazama. Akasema, "Hukunitangulia. Hakuna mtu amenitangulia. Nilijua unaikumbuka nyumba yako. Nikafikiri, kwa nini nimtie aibu mtoto wa watu kwa kikombe cha maharagwe? Nikanyamaza."

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia juu ya Juni, na ile punje, na chira niliyoingoja, na ugali niliokula ili nisikonde. Kitambaa kikasimama.

"Ulikiona lini?"

"Juni."

Alianza kuhesabu kwa vidole vyake vyenye maji. Juni, Julai, Agosti. Alihesabu mpaka Januari. Alipomaliza mkono mmoja akaenda mwingine. Kisha akaweka mikono yote miwili ndani ya karai akaiacha humo.

"Neno moja," akasema. "Ningesema neno moja tu."

Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Alipomzika mumewe alisimama wima akawaelekeza watu mahali pa kuweka viti. Siku ile alilia juu ya maji yangu machafu, bila sauti, na mimi nikiwa uchi mbele yake na wino wa zambarau kifuani. Yeye alinyamaza ili asinitie aibu, mimi nilinyamaza ili nisitiwe aibu, na katikati ya heshima zetu mbili kile kitu kilikuwa kinakula, miezi minane.

Akaomba. Dani hakuwa mtu wa sala ndefu. Alikuwa akisema Mungu si kiziwi wala si bwege. Aliomba hivi, nanukuu kwa sababu sijayasahau: "Baba, yale maharagwe nilipanda mimi. Kama unatafuta mtu, ni mimi. Huyu mwache alee watoto wake." Akachukua kitambaa akamaliza kuniosha.

Wengine hutaka kusikia saa na dakika ya kuokolewa. Yangu ni hiyo. Mashine ilikuwa imebakiza wiki tatu, kidonda kilikuwa bado hakijafikia ubaya wake wote, na wala sikujua kama nitaishi. Lakini ile barua ya mashtaka niliyokuwa nikiiona kwa Mungu miezi minane ilikuwa haipo. Niligundua kwamba haikuwahi kuandikwa. Jioni ile niliomba nikafika kwenye jina langu, nikalitaja.

Sikuokoka kwa sababu nilikuwa mwema kuliko wengine, na naomba mlisikie hili. Kwenye benchi la kungojea mashine tulikuwa tunakaa na mama mmoja kutoka Machakos, mcheshi, aliyekuwa akiila omena ya Dani na kuiita samaki waliosahau kukua. Alikuwa na imani kuliko mimi na alikuja hospitali mapema kuliko mimi. Jumatatu moja nafasi yake ilikuwa wazi. Jumanne ilikuwa wazi. Jumatano tulisogea tukaijaza, bila kuulizana. Sina maelezo juu ya hilo. Nimeliweka hapa kama lilivyo.

Tulirudi Kisumu mwezi wa Aprili. Akinyi na mdogo wake walinipokea kwa salamu ya Kikikuyu, na Mama Njeri akanitazama kutoka juu mpaka chini akasema, "Umerudi. Hawa watoto wako wanakula sana." Kisha akaingia ndani haraka, nikasikia anapenga kamasi. Baba Akinyi alikuwa amenunua pazia jipya la dirisha langu. Lilikuwa baya. Lipo mpaka leo, na sitaki mtu yeyote aliguse.

Kila baada ya miezi mitatu naenda kupimwa, na daktari husema, "Kwa sasa hatuoni kitu." Nimejifunza kukaa ndani ya hayo maneno mawili, kwa sasa. Ni nyumba ndogo, lakini mimi ni mtu wa nyumbani.

Dani alitutoka Januari mwaka huu. Miguu ilivimba, akakataa kulala, akasema kitanda ni cha wagonjwa. Wiki moja tu. Nilikuwa naye. Nilimwosha, na mara hii hakuna aliyesema si vizuri. Mkono wangu wa kushoto hauinuki sawasawa, kwa hiyo nilimwosha kwa wa kulia, taratibu, na kila nilipopita na kitambaa nilikumbuka mistari ambayo hakuwa nayo.

Tangu siku hiyo, ile sala yake imekuwa ikinitisha. Kama unatafuta mtu, ni mimi. Nilikwenda kwa mchungaji nikamwuliza waziwazi, je, Mungu alimchukua yeye badala yangu? Mchungaji akasema, "Mama Akinyi, Mungu si mtu wa sokoni, hapimi mtu kwa mtu. Yule mama alikupenda, na alizeeka. Usiyafunge hayo mawili kamba moja." Siku nyingi naamini. Siku nyingine naamini nusu, na ile nusu nyingine nampelekea Bwana kama ilivyo, kwa sababu nimeona mwisho wa kuficha.

Kwa hiyo nashukuru. Namshukuru Mungu aliyeniacha nilee watoto wangu. Namshukuru Baba Akinyi kwa misumari na turubai zake. Namshukuru shemeji aliyetupa chumba, na kanisa hili, ambalo liliniombea bila kujua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa naliruka jina langu. Na wewe unayesikia haya, dada yangu, mama yangu, kama kuna kitu mwilini mwako au moyoni umekifunika na leso, sikuambii utapona. Sijui. Nakuambia mtajie Bwana leo, halafu mtajie jirani, halafu nenda hospitali, na kama utabadilisha huo mpangilio Bwana hatakasirika. Mtegemee. Yeye alijua habari za maharagwe kabla yangu, na hakunisuta.

Nimalizie hapo hapo nilipoanzia, kule nyuma ya jiko. Machi hii mvua ilipofika, mama mwenye boma hayupo, na Baba Akinyi ndiye mwana wa kwanza. Maana yake ni kwamba mimi ndiye wa kuanza kupanda. Mimi, niliyeruka foleni. Wake wawili wa shemeji zangu walisimama na majembe yao wakaningoja, kwa adabu, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nilikaa kwenye kigoda cha Dani na kibuyu chake mapajani, maharagwe ndani yake, nalia, nasema siwezi kutia mbegu mahali ambapo mkono wake haujatangulia. Hakuna aliyethubutu kunisemesha. Siku ya nne Mama Njeri akafika kutoka Kisumu kuja kunipa pole, na gunia dogo la viazi. Akamtazama kila mmoja na jembe lake, akalitazama wingu, akanitazama mimi na kile kibuyu. Akalitua gunia chini akasema:

"Mama Akinyi, mwaka juzi ulitaka kufa kwa sababu ya maharagwe. Mwaka huu unataka hawa wengine wakufe njaa kwa sababu ya maharagwe hiyo hiyo. Simama upande, nipande mimi."